Mikono ya Nyapara

Kazi yangu kule Timau ilikuwa kufukuza ndege. Ngano inapoanza kujaa, ndege hushuka kama waalikwa wa harusi, na mwenye shamba hutafuta mtu wa kugonga debe na kupiga kelele kutoka kona moja hadi nyingine tangu alfajiri. Kwa kawaida kazi hiyo hupewa watoto, na mimi nilikuwa nimeanza kupata mvi. Lakini tangu nitoke Embu nilikuwa nimeshachuna majani chai, nimepakia magunia, nimeosha magari, nimelala katika vyumba vya kupanga vya Majengo, na kila mahali niliondoka kabla watu hawajazoea sura yangu. Kulipwa kwa kupiga kelele sikuwa nimejaribu.

Tatizo la Timau ni baridi. Asubuhi upepo unateremka kutoka mlimani na debe linagandamana na vidole. Baada ya siku chache niligundua kwamba nyuma ya rundo fulani la mawe upepo haukufika na jua lilifika. Nikatamani sana kulala pale. Kikwazo kilikuwa nyapara.

Alikuwa mzee mrefu mwenye kabuti jeusi lililomfika magotini. Alitembea kwenye barabara ya shamba mikono ikiwa nyuma, kifua mbele, shingo imeinama kidogo upande wa kulia kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Hakuwa mtu wa matusi. Alisimama tu mbali akikutazama mpaka ukaona afadhali ufanye kazi.

Kwa hivyo nikatengeneza mtu. Nilichukua fito za mkaratusi, gunia nililolijaza mabua, shati langu na kofia yangu ya sufi, vyote vya akiba, nikamsimamisha katikati ya ngano. Kisha nikaenda kulala.

Sikuwa nimetengeneza kitu chochote kwa kupenda tangu utotoni, nilipokuwa nikifinyanga ng'ombe wa udongo kando ya mto na kuwapa majina ya shangazi zangu. Shuleni mambo ya udongo yaliisha. Somo la sanaa lilikuwa kikombe kilichochorwa ubaoni, na sisi sote tulikiiga kikombe hicho hicho. Mimi changu nilikitia nzi ukingoni, nikaambiwa nimfute. Niliacha shule darasa la sita kwa sababu nyingine, lakini nadhani nzi yule alichangia.

Niliamshwa na gambuti likinigusa ubavuni.

"Yule kule ni nani?" nyapara aliuliza, akionyesha kwa kidevu.

"Ni mimi, mzee."

Alimtazama mtu wangu kwa muda. "Hapana. Yule anasimama kama askari. Wewe hulalia mguu mmoja kama punda aliyechoka, na bega moja liko chini."

Akaenda zake. Hata hakunifukuza kazi.

Ningepaswa kufurahi, lakini nilikasirika, maana mzee alikuwa amesema kweli. Nilisimama juani nikakiangalia kivuli changu, na punda aliyechoka alikuwa pale pale ardhini. Nikamng'oa mtu wangu. Nikatafuta ufito uliopinda kiasi cha goti langu, nikalegeza kamba ya bega la kushoto, nikarudi nyuma kutazama, nikalegeza tena. Jua lilikuwa limeshahama kwenye mawe yangu nilipomaliza, na sikuwa nimelala hata kidogo.

Shamba lililopakana nasi lilikuwa la viazi, na akina mama walikuwa wakichimba. Mmoja wao, mama kutoka Kanyakine mwenye sauti ya kufika msituni, alimsalimu mtu wangu mara kadhaa. Alipoona hajibiwi, alianza kumgombeza.

"Watu wa Embu," aliwaambia wenzake, "hata salamu wanapimiana kwa kijiko."

Nikatoka nyuma ya mawe. Alituangalia sote wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Afadhali huyu wa gunia," akasema. "Huyu hanuki."

Tangu siku hiyo usingizi wa mchana ulinitoka. Nikawa mtu wa kutazama watu. Nilimtengeneza mama wa Kanyakine akiwa ameinama, mkono mmoja kiunoni, kichwa kimegeuka kumsengenya mtu wa nyuma. Nilimtengeneza dereva wa trekta, ambaye hata akiwa chini alisimama miguu imepanuka kama bado amekalia kiti. Sikumwekea yeyote uso. Sikujua kutengeneza uso, na nilishangaa kuona kwamba hautakiwi. Wakati wa chakula watu walikuja na sahani zao za githeri, wakakaa kandokando ya ngano wakikisia nani ni nani. Mwezi uliisha, nikapokea mshahara, na sikufunga mzigo wangu.

Kisha nikamtengeneza nyapara.

Nilijua haifai, lakini shingo ile ilinisumbua. Nilipata karatasi ya nailoni nyeusi iliyotupwa na watu wa shamba la maua, na upepo ulipoijaza ikawa kabuti lenyewe. Mikono niliifunga nyuma. Shingo ilinichosha kabisa: ikiinama sana alikuwa mlevi, ikiinama kidogo alikuwa mtu yeyote tu. Ilipokaa sawa, nilivua kofia bila kufikiri.

Asubuhi akina mama wa viazi walipita wakimwamkia kwa heshima. Mama wa Kanyakine alisimama mbele yake, akaomba ruhusa ya kwenda kwenye mazishi.

"Amekubali," aliwatangazia wenzake. "Hata hakuniuliza aliyekufa ni nani."

Nilicheka na wengine, huku nikitazama barabara ya shamba. Zamani kufukuzwa kazi kwangu kulikuwa nauli tu ya kwenda kwingine. Sasa nilikuwa na mlinzi wa lango ambaye sijamaliza kumtengeneza, na mpishi ambaye sijamwanza. Kwa mara ya kwanza nilitaka kubaki mahali.

Nyapara alikuja kabla ya saa nne. Akamzunguka mtu wa nailoni polepole.

"Huyu ni nani?"

"Ni wa ndege, mzee."

"Nimekuuliza ni nani."

"Hana uso, mzee. Hawezi kuwa mtu."

Akamgeukia mama wa Kanyakine. "Mama, wewe unamjua huyu?"

"Mimi? Labda ni mjomba wangu. Lakini mjomba wangu ni mfupi."

Kila mmoja alikana. Mzee hakuweza kukasirika bila kusema mwenyewe, mbele ya watu wote, kwamba yule ni yeye, na hilo hakuwa tayari kulisema. Akarudi nyuma hatua moja, mikono akaipeleka mgongoni, shingo ikainama upande wa kulia, akafikiri. Sasa walikuwa wawili. Kwenye viazi mtu alicheka mpaka akajifanya anakohoa.

Nyapara akasikia. Akajitazama, akamtazama yule mwingine.

"Mikono yake," akaniambia taratibu, "itoe nyuma. Ikibaki pale kesho, wewe hutakuwa hapa."

Nikaitoa. Nikainyoosha pembeni, na yule mzee wa nailoni akageuka kuwa kitu cha kuanikia nguo. Nilibaki na kazi yangu, lakini kila nikipita pale nilitazama chini.

Kilichofuata sikukitarajia. Nyapara naye aliacha kuweka mikono nyuma, na baada ya hapo hakujua aiweke wapi. Aliitia mifukoni, akaitoa. Aliikunja kifuani, akaonekana mgonjwa. Siku nyingine alishika bua la ngano kutoka asubuhi mpaka jioni kama mtoto aliyetumwa. Wafanyakazi hawakumwogopa tena, na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kutamani kumtengeneza hivyo, mkono ukiwa nusu njia ya kwenda mfukoni. Nilitayarisha hata ufito. Lakini nilipomwona akijificha nyuma ya trekta apate mahali pa kupumzisha mikono yake, nilishindwa kuufunga.

Wiki hiyo hiyo alinikuta kwenye mawe.

"Ndege wameongezeka," akasema.

Ndege hawakuwa wamewahi kupungua. Hata mikono ilipokuwa nyuma walitua begani mwa yule wa nailoni na kuchambua manyoya yao. Hilo sikumwambia.

"Nimeona, mzee."

"Mrudishie mikono. Ile ya kwanza iliwatisha."

Tulikwenda pamoja. Nikaifungua mikono, nikaipeleka nyuma, lakini haikukubali. Kiwiko kilitokeza nje, na nilikuwa nimesahau mkono upi hushika upi.

"Mzee," nikasema, "ukisimama kidogo pale."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

Alitazama upande wa viazi, ambako akina mama walikuwa wameinama. Akapiga hatua, akanipa mgongo. Kisha, bila haraka, mikono yote miwili ikarudi nyuma, wa kulia ukaushika wa kushoto.

"Naangalia kama ngano imeingiwa na ugonjwa wa kutu," akasema.

"Angalia vizuri, mzee," nikamwambia, nikaokota kamba.