Picha ya Kuni za Ma Kokuberwa

Wifi yangu Joanitha anauza mabeseni na ndoo sokoni Bukoba, na anaishi Nyanga. Asubuhi moja, alipomaliza kupanga mabeseni yake, makubwa chini na madogo juu, alirudi nyuma akayatazama, akatoa simu akayapiga picha. Hakuwa na mteja wa kumtumia. Aliyaona mazuri tu.

Tangu siku hiyo macho yake hayakutulia. Kila kitu kilichopangwa juu ya kingine alikipiga picha: trei za mayai za Hafidhi, jirani yake sokoni, marobota ya mitumba, viti vya plastiki nyuma ya kanisa, mikungu ya ndizi juu ya baiskeli. Baadaye akaanza kuviona hata mahali ambapo hakuna mtu aliyepanga. Uyoga uliopandana kwenye gogo lililooza. Jabali la kando ya ziwa, tabaka juu ya tabaka kama chapati za harusi. Akanitumia na picha ya mkungu ungali mgombani, vichana vimebebana, akaniandikia: "Wifi, kumbe Mungu ndiye alianza kupanga."

Mumewe, Mwijage, alikuwa akimtania. "Mama Violeth, wenzako wanapiga picha watoto wao na maua. Wewe unapiga matofali."

"Watoto hawatulii," Joanitha akamjibu. "Matofali yanatulia."

Mimi nimeolewa na kaka yake, Kahangwa, huku Kamachumu, wilaya ya Muleba, na tunaishi na mama yao, Ma Kokuberwa. Mwaka jana, msimu wa kahawa, mama aliteleza pale tunapoanika, akaumia nyonga. Alitibiwa, mfupa ukaunga. Daktari akatuambia wazi kwamba sasa ni lazima atembee. Asipotembea miguu itakufa, na yeye ataifuata.

Mama hakutaka. Aligeukia ukuta. Kila nikimshika mkono ananiambia, "Niache, Alistidia. Mimi nimeshaaga." Anakunywa uji kidogo, anashika rozari yake, basi. Wanajumuiya walikuja kusali naye. Padri alimletea Komunyo. Mama aliwashukuru wote, akageukia ukuta.

Joanitha hakuweza kufunga biashara aje kukaa nasi, kwa hiyo akawa anatuma picha zake kwenye simu yangu. "Mwonyeshe mama," anasema. Mimi moyoni nikajiuliza, mgonjwa anayejiandaa kuonana na Bwana wake anaonyeshwa trei za mayai? Lakini nilimwonyesha. Hakugeuka.

Siku moja ikaja picha ya tanuru la matofali ambalo halijachomwa. Joanitha alikuwa ameliona Izimbya alipokwenda harusini. Nikasema kwa sauti, "Lo, tanuru kubwa hili."

"Sogeza simu," mama akasema.

Nikasogeza. Akalitazama sana. "Aliyepanga haya ni mtoto wa nani?"

"Sijui, mama. Ni wa Izimbya."

"Mwambieni upande wa kushoto umelegea. Moto ukishika, hilo litakaa chini kama ng'ombe."

Nilicheka mpaka nikaketi. Nilipompigia Joanitha, alinifanya nirudie maneno yale mara mbili, kisha nikamsikia analia. Toka hapo akawa anatuma kila siku, na mama akawa anahukumu. Mayai aliyasifu. Magunia ya dagaa ya Kemondo akasema yamepangwa na mtu mwenye njaa.

Asiyemjua angeshangaa. Lakini mama, enzi zake, hapakuwa na harusi kijijini aliyoitwa kula tu. Aliitwa kupanga kuni. Hata hivyo alihukumu akiwa amelala. Uji ulibaki kikombeni na miguu ilizidi kukonda.

Mume wangu akakata tamaa. Ni mtu anayetimiza wajibu mapema. Aliangusha mkaratusi wa zamani uliokuwa nyuma ya kibanja, shamba letu la migomba, akaupasua, akaniambia nipange kuni nyuma ya jiko. Hakusema ni za nini, nami sikuuliza. Kwetu msiba ni moto. Watu wanakesha nje, vyungu vinakaa mekoni siku zote za matanga, na nyumba iliyoishiwa kuni inasemwa miaka. Nilizipanga huku nikisali, ukuta mzima, nikaona nimezipanga vizuri.

Jumamosi moja Joanitha akaja kututembelea. Akazikuta kuni zile, na kwa jinsi alivyo, alizipiga picha kabla hajatua mkoba. Kisha akaingia, akaketi kitandani kwa mama, akaanza kumwonyesha picha za wiki ile, moja baada ya nyingine. Nilikuwa mlangoni na uji. Nilipoona kuni zimetokea, nilitamani kuinyakua ile simu.

"Hizi ziko wapi?" mama akauliza.

"Hapa hapa, mama. Nyuma ya jiko."

"Kuni zote hizi. Mjukuu wangu Violeth ana mchumba?"

"Hapana, mama."

"Basi hakuna harusi." Akatugeukia. Kahangwa naye alikuwa amefika, akavua kofia yake. "Basi ni zangu mimi. Za matanga."

Hapo ndipo Joanitha alipoelewa alichokipiga picha. Akajifunika uso kwa khanga.

"Mama," Kahangwa akaanza, "mimi nilitaka tu..."

"Nyamaza, mwanangu. Kuandaa si kosa, hata mimi ningeandaa. Nauliza, nani amepanga?"

"Ni mimi, mama," nikasema.

"Magome umeyaelekeza chini."

"Ndiyo, mama. Niliona yanakaa sawa."

"Yatakaa sawa na maji ya mvua ndani yake. Na vichwa vyote umevipeleka upande mmoja. Hizi zitaanguka kabla yangu. Na zisipoanguka zitatoa moshi mtupu, waombolezaji walie machozi ya moshi, halafu waondoke wakisema wamenililia mimi." Akasukuma blanketi. "Kahangwa, leta fimbo ya baba yako."

Hakuna aliyesogea.

"Nimesema fimbo."

Alitembea. Mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine begani kwangu, anasimama, anavuta pumzi, anaendelea. Kutoka chumbani mpaka nyuma ya jiko nilisali Salamu Maria bila kujua nimefika ya ngapi. Tukamwekea kigoda, akaagiza zote zishushwe. Kahangwa akashusha, mimi nikapanga upya: kichwa cha huu kikae na mkia wa ule, magome juu kama bati. Tulipofika katikati nikakosea tena. Mama akasema, "Toka hapo," akainuka peke yake, akaliweka gogo kwa mikono yake. Kisha la pili.

Ta Lwakatare, jirani yetu, alikuwa anapita njiani. Akasimama. "Waitu, jamani, Ma Kokuberwa, sisi tuliambiwa unaondoka."

"Nilikuwa naondoka," mama akamjibu bila kugeuka. "Nikakuta kuni hazijapangwa."

Joanitha alipiga picha hapo hapo, mama amesimama na gogo mkononi, Ta Lwakatare nyuma amefungua kinywa. Sasa iko sebuleni kwetu, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu.

Tangu siku ile mama alikwenda kuzikagua kuni zake kila asubuhi. Baada ya kuni akaenda kuikagua kahawa, kisha kibanja, mpaka Jumapili ya Matawi akaenda kanisani kwa miguu yake, na watu njiani wakimpisha.

Baada ya Pasaka tulifanya Misa ya shukrani. Kuni za mkaratusi ule zilipika ndizi na nyama kwa jumuiya yote, ziliwaka bila moshi, na mama alikaa kitini karibu na moto akitoa amri. Jioni hazikubaki.

Joanitha alikwenda nyuma ya jiko akaupiga picha ukuta uliobaki mtupu. Ndiyo picha yake ya pekee isiyo na kitu kilichopangwa, na anaipenda kuliko zote. Akamwonyesha mama.

"Mbona hapa hakuna kitu?"

"Zimekwisha, mama. Watu wamekula."

Mama akaitazama, akatabasamu. "Basi mwambie kaka yako akate nyingine. Violeth naye atapata mchumba, na nitakayezipanga ni mimi."