Ndoana Kubwa ya Baba

Mnisamehe kwa mwandiko wangu uliopinda na herufi nitakazokosea. Juzi pale stesheni nilimwona Mzungu akishuka na ufito wa kuvulia, nikamkumbuka marehemu baba.

Baba alikuwa mtu wa Pangani, kazi ya reli ikamleta Tabora. Mama alikuwa ametoka kujifungua na hakutaka kula chochote ila samaki, basi alasiri moja baba akanichukua bwawani. Palinuka tope na sabuni ya wafuaji. Baba akafunga ndoana nene ya baharini.

"Bwana wa pwani, unavua mamba?" jirani yetu aliyekuwa akifua alimcheka. "Perege wetu wataimezaje hiyo?"

Baba akanigeukia mimi. "Kwetu kuna samaki mkubwa, anang'aa kama fedha. Akiruka usimvute. Mwinamie, mshipi ulegee, la sivyo ataukata."

Mimi nilidhani ni adabu. Kila maji yalipotikisika niliinama na kusema, "Shikamoo." Baba hakunicheka.

Jua lilipopungua makali alifungua ile ndoana, akaipangusa kwa shati, akafunga ndogo yenye nyungunyungu. Perege wakaja. Jioni mama alikula, akalamba vidole.

Siku ile niliona baba hajui kuchagua ndoana. Sasa nadhani alitaka kukaa kwao pwani kidogo.

Ndoana kubwa ninayo mimi. Bahari sijaiona. Ndugu msomaji, ukiwa pwani, tafadhali niandikie: samaki huyo huruka kweli?