Nywele za Mzee Kassim

Kuna watu kijijini kwetu Bodo mpaka leo wakiniona napita hujishika kisogo wakacheka, nami hucheka nao, kwa sababu nikikasirika nitakuwa nimeongeza kosa juu ya kosa, basi heri niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa mtu aliyekitia chumvi (ingawa kusema kweli kisa hiki hakihitaji chumvi). Mimi Mwanakombo, mtoto wa mama karanga (ndivyo tunavyowaita wanawake wanaokaanga na kuuza samaki), niliyelelewa kwa samaki wa kukaangwa tangu nina meno mawili, ndiye niliyewafanya watu wa Bodo waogope samaki wao wenyewe, na ndiye niliyemfanya mzee wa watu amshuku mkewe aliyezeeka naye. Yote hayo kwa kifungu cha nywele kisichozidi unene wa penseli.

Mwaka huo walikuja watafiti kupima zebaki. Zebaki ni yale maji ya rangi ya fedha yaliyokuwa ndani ya vipimajoto vya zamani, kipimajoto kikivunjika hutambaa sakafuni kama yaliyo hai. Ni sumu, na ikiingia baharini huingia kwenye samaki, na kutoka kwa samaki huja kwetu sisi walaji. Kwa hiyo walitaka tope la kwenye mikoko, samaki wa aina tano, na nywele za watu wazima thelathini, kwani zebaki uliyoila hujiweka kwenye nywele na humo ndimo inamosomeka. Kiongozi wao alikuwa Daktari Nafula, mwanamke wa bara, mpole wa sauti lakini mkali wa kalamu, ukimwandikia kwenye fomu "kama saa nne" anakuuliza ilikuwa saa nne na dakika ngapi. Aliniajiri mimi niwe msaidizi wa kijijini, nikapewa mkasi, bahasha na kitambulisho cha kuvaa shingoni, nacho nilikivaa hata nikienda kuteka maji.

Kazi haikuwa kukata, kazi ilikuwa kuomba. Nywele kwetu si kitu cha kumpa mgeni akaondoka nacho garini, maana hujui zitafikishwa wapi na zitasomewa nini. Nilizunguka nyumba kwa nyumba, shikamoo huku na shikamoo kule, nikiwaahidi kwamba nitazikata kwa mkono wangu na kuzitia bahasha kwa mkono wangu, na kwamba bahasha itakuwa na namba tu, haitakuwa na jina, jina litakaa kwenye fomu ya daktari peke yake. Wakakubali. Hawakukubali kwa sababu ya gari wala ya daktari, walikubali kwa kuwa mwenye kuomba ni mimi.

Mpaka siku ya mwisho nilikuwa na bahasha ishirini na tisa. Wa thelathini alikuwa Mzee Kassim, mshona nyavu, mtu wa kofia nyeupe ya kudarizi ambayo sijapata kumwona bila yake tangu nizaliwe. Asubuhi alinijibu maswali yote ya fomu (nilipomuuliza hula samaki mara ngapi kwa wiki akanijibu nimuulize siku asiyokula), akagusa wino, akapiga kidole gumba kwenye karatasi, na kabla sijafika kwenye habari ya nywele adhana ikaadhiniwa akaniambia nirudi baadaye. Niliporudi, mkewe Bi Nuru akaniambia ameitwa mazishini Vanga na hatarudi mpaka kesho kutwa. Gari la daktari lilikuwa liondoke saa tisa. Saa nane na robo mimi nimesimama njiani na bahasha tupu iliyokwisha andikwa namba thelathini.

Nikawaza hivi: samaki anaokula Mzee Kassim ndio ninaokula mimi, wanashushwa diko moja hapo ufuoni, wanakaangwa na mwanamke mmoja ambaye ni mama yangu. Nywele ni nywele. Nikaingia nyuma ya jiko la mama, nikavua mtandio, nikajikata kisogoni kwa kupapasa, kisha nikazipunguza urefu ili zifanane na za mwanamume (oneni ubingwa wa mwizi), nikatia ndani ya bahasha nikafunga. Daktari Nafula akahesabu, akapata thelathini, akanisifu mbele ya wenzake kwamba vijiji vyote vingekuwa na Mwanakombo kazi ingekuwa nyepesi. Niliona haya kidogo, lakini haya za kupendeza.

Sasa lazima niwaambie na jambo jingine, japo linanichoma. Miezi hiyo tulikuwa tunangoja harusi ya binamu yangu, na kila aliyeniona alisema nimeng'ara, nami nilikuwa nikijibu kwamba ni maji ya karoti na kulala mapema. Yalikuwa si karoti. Lilikuwa kopo dogo la krimu nililolinunua Ukunda, halina jina la kiwanda, lina picha ya mwanamke ambaye hata yeye sidhani kama alizaliwa na rangi ile. Nilikuwa nikijipaka usoni, shingoni, nyuma ya masikio mpaka kisogoni, ili rangi isije ikakatika ghafla kama mpaka wa Lungalunga.

Ikapita miezi miwili. Siku moja Daktari Nafula akanipigia simu, sauti yake imeshuka, akaniambia matope ni salama, samaki ni salama, watu ishirini na tisa wako sawa, ila namba thelathini ana zebaki kwa wingi ambao yeye katika kazi yake hajapata kuuona, na kesho wanakuja. Nikamuuliza kama mashine haikukosea. Akasema wamepima mara tatu. Hapo mtu mwenye akili angesema kweli. Mimi nikamwambia nadhani Mzee Kassim amehamia Tanga.

Kesho yake gari jeupe liliingia Bodo na masanduku ya barafu, na wa kwanza kulipungia mkono alikuwa Mzee Kassim mwenyewe, akitoka msikitini, watu wakimwita kwa jina. Daktari alinitazama. Nikasema, "Alhamdulillahi, kumbe amerudi."

Daktari alifanya mambo kwa adabu, alitaka kuzungumza naye faragha ndani ya nyumba, lakini nyumba za kwetu zina madirisha na madirisha yana majirani. Wakachukua chumvi ya Bi Nuru, maji ya mtungi, mafuta, na kipande cha samaki aina ya changu kutoka chunguni. Akamuuliza mzee kama ana kipimajoto kilichovunjika, akasema hapana. Akamuuliza kama amewahi kuchimba dhahabu, kwa kuwa wachimbaji hutumia zebaki, mzee akasema angekuwa na dhahabu asingekuwa anakalia kitanda cha kamba. Lakini daktari alipotaka kumpima tena, mzee akakataa. Akasema kama ana sumu mwilini, basi apimwe mbele ya watu, Jumamosi, kwenye baraza, asije mtu akasema kimefichwa kitu. Daktari alijaribu kumweleza habari ya siri ya mgonjwa, mzee akamwambia siri hiyo ni yake na ameamua kuitoa. Daktari akaona na yeye anahitaji kuwatuliza watu kuhusu samaki, akakubali.

Mchana huo Bi Nuru alipakua wali kama siku zote. Mzee Kassim akaitazama sahani, akamtazama mkewe, akauliza nani amepika. Kwa muda wote walioishi pamoja hakuwa ameuliza swali hilo. Bi Nuru alifunika chakula kwa kawa, akafunga nguo zake ndani ya leso, akaenda kwa kaka yake, huko kijiji cha Gazi.

Jioni wachuuzi wanaonunua samaki kwa ajili ya Ukunda na Diani hawakuja. Ijumaa pia hawakuja. Mama alirudi na karai limejaa samaki tafi waliokaangwa vizuri kabisa, akatupakulia watatu kila mtu, na asubuhi watatu tena, akala kimya, na mama yangu akikaa kimya ni heri agombe. Mara nne nilishika simu nimpigie daktari. Mara ya kwanza nikasema ngoja nile, mara ya pili ngoja niswali, mara ya tatu salio likawa halitoshi nikamshukuru Mungu, na mara ya nne akapokea, nami nikamuuliza kama barabara ya Msambweni ilikuwa na vumbi.

Jumamosi baraza likakaa dikoni, chini ya banda linaloshushiwa samaki. Naibu wa chifu akafungua, akamkaribisha daktari, na daktari akaeleza kwa Kiswahili chake cha bara lakini kilichonyooka, kwamba samaki wa Bodo wamepimwa na wanalika, na kwamba tatizo liko kwa mtu mmoja tu na huenda chanzo chake si bahari. Watu wakaanza kunong'ona, kama si bahari basi ni jiko. Mzee Kassim akasimama.

"Mwenye sumu ni mimi," akasema. "Nipimeni tena, kila mtu aone." Akanyoosha kidole gumba.

Daktari akakitazama kile kidole. Akamwambia kwa upole, "Si kidole, mzee. Tunataka nywele, kama zile za kwanza."

"Nywele?"

"Ndiyo. Kidogo tu, za kisogoni."

Mzee Kassim akafikiri, kisha polepole akavua kofia. Jamani. Kichwa kilikuwa kitupu kuanzia paji la uso mpaka shingoni, kinang'aa kama sahani ya udongo iliyooshwa, hakuna hata unywele wa kusingiziwa. Akageuka huku na huku ili na walio nyuma waone.

"Mimi nilijua kipimo ni ule wino," akasema. "Miaka ishirini naomba dua nywele zirudi, leo naambiwa zimerudi na sumu."

Watu walicheka mpaka naibu wa chifu akainamia meza, mtu mmoja akaanguka kwenye ndoo, na mimi (Mungu anisamehe) nikacheka pia, kwa hofu tu, na kicheko changu ndicho kilichokuwa cha mwisho kunyamaza. Nikajikuta nacheka peke yangu. Daktari Nafula alikuwa amefungua faili, amefika kwenye fomu ya namba thelathini, pale palipoandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa kwamba nywele zimekatwa na Mwanakombo.

"Hizi ni nywele za nani?" akaniuliza.

Nilisimama. Nilitaka kuanza na mazishi ya Vanga, na gari la saa tisa, na samaki wa diko moja, lakini kilichotoka ni neno moja tu: "Zangu."

Akanitazama usoni, akasogea akanitazama shingoni, pale ambapo ilibidi niwe mweusi na sikuwa mweusi, na nikaona kwamba amekwisha kujua. Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo kwa bahati mbaya kila mtu aliisikia, kama natumia krimu ya kung'arisha ngozi. Nyingi za aina hiyo zina zebaki, akasema, na ukijipaka kisogoni zinashika nywele. Nikaitikia kwa kichwa.

Kutoka upande wa akina mama karanga ikaja sauti ya mama yangu, imetulia, haina hasira hata kidogo: "Si ulisema maji ya karoti?"

Mengine sitayaeleza yote. Wachuuzi walirudi siku iyo hiyo, kwani habari za kichekesho huenda mbio kuliko habari za sumu, na tafi wa mama waliisha kabla ya alasiri. Lakini bado kulikuwa na Gazi. Tulikwenda mimi na Mzee Kassim, na tulipofika nikapiga magoti mbele ya Bi Nuru nikaeleza kila kitu, mkasi, jiko, kopo na uongo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniinua.

"Wewe mwanangu ulikosea kwenye bahasha," akasema. "Huyu alikosea kwenye sahani."

Akamwambia mumewe arudi peke yake ajipikie siku tatu, aonje chakula kisicho na sumu kikoje. Siku ya nne alirudi, akakuta mzee amekonda na vyungu viwili vimeungua, akaingia jikoni. Mpaka leo mzee akipakuliwa humshukuru kwa sauti, hata kama kuna wageni.

Mimi nilipimwa mkojo, majibu yakawa mabaya, nikaambiwa niache krimu mara moja na nihudhurie kliniki, nikaacha, na kwenye harusi ya binamu nilikwenda na uso wa rangi mbili, hata mpiga picha akanisogeza nyuma ya nguzo. Kazi ya mkasi nilinyang'anywa. Niliwekwa kuosha chupa za maabara, na siku ya kwanza ya kuosha Daktari Nafula alikuja akasimama mlangoni. Nilidhani atanigombeza kwa aibu niliyomtia. Hakugomba.

"Nywele zako zingekuwa safi," akaniambia, "nisingejua kamwe. Ningeandika kwamba Mzee Kassim yuko salama, na ningeapa."

Aliondoka, nami nikabaki na chupa mikononi, na hapo ndipo nilipolia, kwani barazani sikulia.

Wiki iliyofuata wanawake wakaanza kuja kwangu. Huyu anapita tu, yule anaazima ungo, mwingine amekuja kunijulia hali, na kila mmoja kabla ya kuondoka alikuwa na kitu amekifunga kwenye pembe ya leso: kopo. Wanataka lipimwe, na jina lisitajwe. Nilimpelekea daktari makopo kumi na moja. Moja kati ya hayo lililetwa na mtu niliyekatazwa kumtaja maisha yangu yote, ila kifuniko chake kilinuka mafuta ya kukaangia samaki. Makopo saba yalikuwa na zebaki, na wenyewe nikawaambia mmoja mmoja, mlango umefungwa.

Siku hizi nimerudishiwa mkasi. Juzi nilikuwa na nyumba kumi za kuzungukia, nikapata tisa, na gari lilikuwa linangurumisha injini, dereva ananiita, jua linachoma. Nikaikunja fomu ya kumi juu ya goti nikaandika "sikupata", na nikaandika na saa, saa tisa na dakika nne, nikampa daktari fomu hiyo na bahasha yake tupu mkononi. Aliisoma fomu, akaitia bahasha pamoja na nyingine tisa, akafunga sanduku.