Saini Yangu Chini ya Tangazo la Nakivale

Jumanne moja ya ujana wangu haijanitoka, mwanangu, na kwa kuwa wengi waliokuwa na vyeo siku ile wamekufa au wamehamia mbali, nimebaki mimi wa kuieleza kama ilivyokuwa. Naieleza kwa maandishi kwa sababu katika chumba hiki ninachopanga hapa Mbarara, nyuma ya msikiti, hakuna wa kumsimulia. Mke wangu ametangulia. Watoto hupiga simu Jumapili, nao huwa na haraka. Wenzangu wa kazini, tulioagana kwa hotuba na soda, hawajaugonga mlango huu hata mara moja. Silalamiki, naweka kumbukumbu sawa.

Kilichonifanya nishike kalamu ni maneno ya binti wa mwenye nyumba wangu, ambaye wiki iliyopita alipata kazi ya ukarani kule Nakivale, makazi ya wakimbizi hapa Uganda. Alikuja kuniaga, simu mkononi, akiwa amemaliza kutazama habari za Wahispania walioteka nchi za Amerika.

“Mzee, watu mia chache tu, wakaangusha dola nzima!” akasema. “Farasi na panga, basi. Wanaume wale!”

Nilikasirika, nakiri. Nikamwambia kwamba hayo ni maneno ya sinema. Akacheka, akanitakia afya njema, akaondoka kwenda kufunga mizigo yake. Yeye hakuwa na muda wa kusikiliza, basi wewe unayesoma nipe wako kidogo, hasa kama nawe unaanza kazi ya ofisi.

Wahispania wale, kwa wingi wao, hawakuwa askari wa mfalme wenye mshahara. Walikuwa washona nguo, maseremala na watoto wa wakulima wa nchi kavu, kila mmoja amejitafutia upanga wake mwenyewe kwa kutumaini fungu la nyara. Wala hawakuwa peke yao. Nyuma yao walitembea maelfu ya wenyeji waliokuwa na ugomvi na watawala wao, na mbele yao yalitangulia maradhi ambayo nchi ile haikuwa imeyajua. Walimwalika mfalme wa wenyeji kwenye mazungumzo, kisha wakamkamata mazungumzo yakiwa yanaendelea. Waliteka watu wakawafundisha lugha ili wawe wakalimani. Na katika misafara yao alikuwapo mtu ambaye vijana hamumtaji, kwa sababu hachorwi juu ya farasi. Alikuwapo karani.

Habari za karani huyo nilipewa na mzee mmoja, nikiwa kijana, na nilistahili kupewa.

Baba yangu alikuwa askari katika kambi ya Mbarara. Mama alitoka Ngarama. Nyumbani tulizungumza Kinyankore, shuleni Kiingereza, na Kiswahili nilikiokota kambini, kile cha kuamrisha na kukemea. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ukarani katika ofisi ndogo ya viwanja huko Nakivale. Ofisi hiyo siitaji, maana nitakayoyaeleza yalikuwa kosa langu na sitaki lisambazwe kwa wengine. Nilikuwa katika miezi ya majaribio, bado sijathibitishwa kazini. Shika hilo, kwa sababu ndilo lililokuwa moyoni mwangu wakati wote.

Familia kumi na tisa zilizokuwa zimetoka Kongo zilipewa viwanja vya bondeni, karibu na ziwa, nazo zikapanda maharage. Maharage yalipoanza kutoa maganda, ikagundulika kwamba viwanja vile viligawiwa kimakosa: pale ni njia ya ng’ombe kwenda kunywa maji. Tangazo likaandikwa kwa Kiingereza. Familia zihamie mlimani katika siku kumi na nne, na mwenye pingamizi alilete ndani ya siku saba. Pingamizi moja tu lingetosha kuwapa muda wa kuvuna. Huo ulikuwa utaratibu, na utaratibu huo nautetea hata leo. Tangazo lisomwe mbele ya watu, kwa lugha wanayoielewa, mkalimani akiwapo, watu waulizwe, kisha karani aandike chini yake, “Limesomwa, limeeleweka, hakuna pingamizi,” na atie saini.

Jumanne ile mkalimani alikuwa amekwenda mazikoni Isingiro. Nilifika bondeni pamoja na koplo mmoja aliyepangwa kunisindikiza. Koplo akaligonga rimu la gari lililotundikwa kwenye nguzo, ambalo ndilo lililokuwa kengele ya mtaa ule. Wakaja wanawake wachache na wazee wachache. Wengine wote walikuwa kwenye foleni ya chakula, mwendo wa saa nzima kutoka pale.

“Karani, soma bwana,” koplo akasema. “Jua nakuwa kali, na mimi njaa nauma.”

“Bila mkalimani?”

“Hawa iko na masikio. Soma, sisi naenda!”

Mwanangu, Kiswahili nilikuwa nacho. Kibovu, lakini kingetosha kusema: mtahamishwa, mna siku saba za kukataa. Sikukitumia. Nilikiona lugha ya kambini, nikadhani tangazo lenye mhuri litavunjiwa heshima likisemwa kwa maneno ya makuruta. Tena nilikuwa na sauti nzuri ya Kiingereza, na walimu walikuwa wameisifu. Nikasoma tangazo lote kwa Kiingereza, polepole, nikipumzika penye nukta, kama mtu anayesoma kanisani.

Nilipomaliza walinipigia makofi. Mama mmoja kijana, aliyeitwa Mama Neema, akiwa na mtoto mgongoni, akasogea mbele akitabasamu.

“Aksanti sana, karani! Sasa ile mbegu itafika siku gani?”

Koplo akaangua kicheko. “Hawa nafurahi sana,” akasema, akawasha pikipiki. Nami nikaiegemeza karatasi kwenye tangi la mafuta, nikaandika, “Limesomwa, limeeleweka, hakuna pingamizi.” Nikatia saini. Nakala moja tukaipigilia kwenye nguzo.

Siku ya tano, asubuhi, mzee mmoja aliingia ofisini kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa Mwalimu Byamungu, aliyefundisha historia Kivu kabla ya vita kumfukuza. Jumanne ile alikuwa kwenye foleni ya chakula. Aliporudi aliikuta karatasi kwenye nguzo, akakaa nayo siku tatu, akiichambua neno kwa neno kwa Kiingereza chake kidogo.

“Bon, karani,” akasema baada ya salamu. “Tumeshakwenda kwa mukubwa wako. Alituonyesha saini. Akasema, kama hamukukuwa na pingamizi, munalia nini? Anasema hii saini inafunga pingamizi yetu, ni wewe tu unaweza kuiondoa.”

“Mwalimu, saini ya ofisi haifutwi kama ubao wa darasa.”

“Ubao nilifutaka miaka makumi mbili na tano,” akasema, “na mukono haukukatika.”

Nikacheka kwa adabu. Yeye hakucheka. Akavuta kiti bila kukaribishwa, akanieleza habari za Wahispania, kama alivyozieleza kwa wanafunzi wake. Walipofika mahali papya, alisema, sheria yao iliwataka wasome karatasi kwanza. Karatasi ilisema: mkubalini mfalme wetu, mkikataa tutawapiga vita, tutachukua wake zenu na watoto wenu, na vifo vitakavyotokea ni kosa lenu, si letu. Ilisomwa kwa Kihispania kwa watu ambao hawajawahi kusikia Kihispania. Mara nyingine ilisomwa mbele ya vibanda vitupu, wenyewe wamekwisha kukimbia. Mara nyingine ilisomwa kutoka melini, mbele yao kuna miti tu. Kisha kapteni alimgeukia karani, akamwambia ashuhudie kwa maandishi kwamba imesomwa.

“Na aliandika,” Mwalimu akasema. “Mutu wa upanga ninamuelewa, mwana wangu. Anajua anafanya nini. Mimi ninauliza juu ya ule wa kalamu. Aliona miti, akaandika kama aliona batu. Alikuwa anaogopa nini?”

Nilijua alichokuwa akiogopa. Mkubwa wangu alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, na barua yangu ya kuthibitishwa ilikuwa haijaandikwa.

“Nitalifikiria, Mwalimu,” nikasema.

“Zimebaki siku mbili,” akajibu, akainuka.

Siku ya saba nililifungua kabrasha la tangazo lile tangu saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimekwisha kutunga sentensi kichwani: “Naondoa saini yangu, tangazo halikueleweka.” Maneno matano tu. Mkubwa wangu akapita, akatazama meza, akasema, “Makabrasha yako safi sana, kijana. Utafika mbali.” Nikalifunga. Nilikaa pale hadi jioni bila kazi yoyote, na hadi nilipofunga ofisi sikuandika hata neno moja.

Siku ya kumi na nne nilikwenda na lori, nikiwa na orodha ya majina. Mama Neema alikuwa shambani mwake. Aling’oa maharage mazima, mizizi na udongo, maganda yakiwa bado laini, akiyafunga kwenye kitenge. Ng’ombe walikuwa wamekwisha kushuka kilimani. Aliinua uso, akasema bila hasira yoyote:

“Ni wewe ulitusomeaka. Ulisoma muzuri.”

Huko mlimani maji yalikuwa mbali na udongo ulikuwa mawe. Msimu ule familia zile hazikuvuna kitu. Mwalimu Byamungu hakunikemea tena; tulipokutana aliniita “Bwana Karani”, akanisalimu kikamilifu, akapita. Nilithibitishwa kazini mwezi uliofuata. Nikapanda vyeo kama nilivyoahidiwa. Kiswahili hiki ninachokuandikia nilijifunza ukubwani, kwa vitabu na kamusi, peke yangu, na mke wangu hakujua kwa nini nilijitaabisha hivyo. Miaka yote ile sikumwambia mtu, hata yeye. Nilijiambia kwamba watu wale hawakujua chochote, na kwamba asiyejua haumii.

Mwaka huu nilichoka na chumba. Nikapanda gari hadi Nakivale, kisha boda boda hadi mlimani. Mwalimu amezikwa zamani. Mama Neema yupo, nywele zote nyeupe, watoto wake wametawanyika, mmoja ng’ambo, wengine hajui walipo. Naye anaishi peke yake. Nilikataa kiti. Nilisimama mlangoni pake nikamweleza yote kwa Kiswahili: karatasi ilisema nini, siku saba zilikuwa za nini, niliandika nini juu ya tangi la pikipiki. Nilidhani nampelekea habari.

“Keti, muzee,” akasema. “Hiyo yote tulijuaka. Mwalimu alitusomea, siku ile ya tatu.”

“Mlijua?”

“Tulijua. Tulikungojea wewe. Ile siku ya saba batu bote balikaa kwa njia ya ofisi, kule bondeni, tangu asubui, na batoto. Mwalimu alisema: ule kijana nimemuona, iko na roho, atakuja. Mimi nilipika chai. Tukangoja mupaka jua likashuka. Batu bakasema twende. Mwalimu akasema, tungoje kidogo tena.”

Nikaketi.

“Ulikuwa wapi?” akaniuliza.

“Ofisini.”

“Ulikuwa na kazi mingi?”

“Hapana,” nikasema. “Sikuwa na kazi yoyote.”

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa amebakiwa na swali moja tu, na sasa limejibiwa. Mwenye boda boda akapiga honi, nami nikainuka.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na naiweka wazi ili mtu asiseme hakuielewa. Usiandike kwamba watu wameelewa mpaka mmoja wao amekurudishia maneno yale kwa lugha yake mwenyewe. Mkalimani asipofika, funga karatasi urudi nayo. Hakuna mhuri unaoharibika kwa kungoja siku moja. Lugha ya wanaokusikiliza usiione duni, hata ukiwa na maneno ishirini tu, kwa kuwa maneno hayo ishirini yanaweza kuwa shamba la mtu. Ukisikia habari za watekaji wa nchi, wa kale au wa leo, usiishie kwa wapanda farasi. Tafuta nani aliandika kwamba kila kitu kilifanyika sawasawa, ujipime naye. Na kama umekwisha kukosea, toka ofisini siku hiyo hiyo ukaseme. Usijifariji kwamba hawajui. Wanajua. Kinachowaumiza zaidi ni kwamba walikuwa wamekwisha kukuamini.

Mwenyezi Mungu akupe kazi isiyokutaka uwe mwoga, na wakubwa ambao sifa zao hazitakunyamazisha. Akuepushe na uzee wa kuhesabu siku moja. Na popote watu watakapokaa njiani wakikungoja, akujalie ufike jua likingali juu.