Gari Lilisimama kwa Ajili ya Baba

Dada wa ukurasa, pole na kazi. Jina langu lifiche, na jina la kampuni sitalitaja kwa sababu bado nakula kwao. Wakubwa zangu mtakaosoma, shikamooni. Naomba mnisome hadi mwisho kabla hamjanihukumu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nimeolewa, nina mtoto mmoja, tunakaa Nkuhungu hapa Dodoma. Kwetu ni Busi, Kondoa. Mimi na mume wangu tunafanya kazi kampuni moja, inayojaribu magari ya mizigo yanayojiendesha yenyewe, vigari kama kirikuu vinavyopeleka bidhaa kutoka ghalani hadi maduka ya mjini. Mume wangu anakaa nyuma ya usukani bila kuushika. Kazi yake ni kuingilia kati gari likikwama au likitaka kukosea. Mimi niko ofisini. Video zinazopigwa na kamera za magari zinaletwa kwetu, tunachora kiboksi kwenye kila kitu na kukipa jina: mtu, mbuzi, bodaboda, shimo. Ndivyo gari linavyofundishwa kuona. Kazi hiyo alinitafutia yeye, na nilikuwa najivunia sana.

Mwezi uliopita baba alitoka Busi kuja kumuona mjukuu wake. Aliposhuka kwenye basi alinipigia. Nikamwambia, "Baba, chukua bodaboda, nitailipa ikifika." Akacheka. "Miguu yangu bado mizima, mwanangu. Nitatembea taratibu." Nikarudi ndani ya ofisi, na simu huwa tunaziacha nje. Nilipotoka alasiri nikakuta namba ngeni imepiga mara nyingi. Kina mama waliokuwa wanatoka mashine ya kusaga walimkuta baba amelala pembeni ya barabara ya vumbi, bado anapumua, wakampakia kwenye bajaji. Nilipofika hospitali alikuwa ameshafariki. Daktari alisema ni kiharusi, kisha akaongeza neno ambalo natamani asingelisema: "Angewahishwa kidogo, tungejaribu."

Mume wangu alikuja na sare yake ya kazini. Kaka yangu alipomweleza mahali baba alipookotwa, mume wangu alikaa chini sakafuni pale pale, kama mtu aliyekatwa miguu. Tukajua ni uchungu. Kule Busi alilia kuliko sisi watoto, na aliingia kaburini kumpokea baba kwa mikono yake. Mama mpaka leo anasema, "Huyu si mkwe, huyu nimemzaa."

Baada ya mazishi nikarudi kazini. Siku ya tatu ikaja video ya barabara ile. Jua kali, hakuna watu. Mbele ya gari kulikuwa na kitu pembeni, nusu kimeingia barabarani, na mashine ilikuwa imeshakipa jina yenyewe: mzigo. Kazi yangu ni kusahihisha, nikasogeza picha karibu. Nikaona sweta ya kijani niliyompelekea baba kwa basi wakati wa baridi. Kofia imeanguka, uso umeelekea upande wa pili. Gari likapunguza mwendo, likasimama. Baba akainua mkono. Hakuuinua juu sana, ni kama mtu anayeomba maji. Kisha chini ya picha ikatokea ile alama ya kuonyesha kwamba dereva ameshika usukani. Gari likarudi nyuma kidogo, likamzunguka baba, likaondoka.

Lilikuwa gari la mume wangu.

Nilifuta neno mzigo, nikaandika mtu. Nikabonyeza kutuma.

Najua hakumtambua. Sweta ile hakuwahi kuiona, na uso hakuuona. Atakuwa alidhani ni mlevi, na kazini wanawagombeza madereva wanaochelewesha mzigo. Lakini ule mkono aliuona. Najiuliza kila saa, angekuwa baba wa mtu mwingine ingekuwa sawa? Na mashine isiyo na roho ilisimama, dada yangu. Ilisimama!

Siku ile wakati wa chakula nikamuuliza kama mtu anayepiga soga tu, "Baba Fulani, hivi umeshawahi kukuta mtu kaanguka barabarani ukiwa na gari?" Akaacha kutafuna.

"Hapana. Kwa nini unauliza?"

"Basi tu."

Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua. Alijua tangu pale hospitali, alipokaa sakafuni.

Sasa tunaishi hivyo. Barabara ile hapiti tena, anazunguka mbali hata akichelewa. Mama yuko eda kule Busi, anapiga simu kila asubuhi na swali ni lile lile: "Hivi kweli mchana kweupe hakuna aliyepita pale?" Mume wangu ndiye huichukua simu amtulize. Kaka yangu mkubwa ameapa mbele ya wote, "Nikimjua aliyempita baba akamwacha, hatuzikani." Na Jumamosi hii ni arobaini. Mama amemchagua mume wangu asimame kwa niaba ya familia awashukuru wale kina mama waliomwokota baba, na wenyewe watakuwepo.

Jana asubuhi alikuwa anafunga viatu. Bila kuniangalia akaniuliza, "Hivi zile video za magari yetu, nyinyi mnaziona zote?"

Nikamwambia, "Hapana. Siyo zote."

Akashusha pumzi, akanishukuru kwa chai, akaenda kazini.

Nampenda mume wangu, sitaki kudanganya. Hajawahi kuninyanyasa. Lakini nikimwangalia akimbeba mtoto, naona gari linamzunguka baba. Nikisema, nimewapa kaka zangu mtu wa kumchukia na nimemuua mama mara ya pili. Nikinyamaza, mama ataendelea kuuliza, na wa kumjibu atakuwa yeye. Tumebakiza siku tatu tupande basi kwenda Busi. Nimwambie kwamba nimeona, au nimwache asimame mbele ya mama yangu ashukuru? Mwenye busara aniambie, maana mimi akili yangu imefika mwisho. Nifanye nini?