B.U., Yaani Bring Up

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya serikali mjini Kajiado, mwanzoni mwa miaka ya tisini, msimamizi wa masjala, kile chumba cha mafaili, alinikabidhi daftari nene kabla hata sijapata kiti.

"Mutua, mkubwa akiandika B.U. kwa faili, hiyo ni bring up. Unaandika tarehe hapa. Siku ikifika, unampelekea faili tena. Ukisahau, kuna mtu ataumia huko nje."

Niliyashika maneno hayo kama kiapo. Barua ikingoja majibu, B.U. wiki moja. Barabara ikikatika kwa mvua, B.U. mwezi ujao. Jambo likiisha, mkubwa aliandika P.A., put away, na faili likarudi rafuni. Nyinyi wa kompyuta chekeni tu, lakini daftari langu halikukosa tarehe hata moja, na nilijivunia hilo.

Kisha nikahamishiwa Kitengela, wakati mashamba yalikuwa yakikatwa ploti kila kukicha. Huko ndiko nilikokutana na Mama Naserian, mjane wa mtaa wa Noonkopir. Jirani yake mpya alikuwa amesogeza ua ukapita kaburi la mumewe. Mama aliomba kitu kimoja tu: mpima ardhi aje aonyeshe mpaka kabla ukuta wa mawe haujajengwa.

Afisa wetu, bwana wa tai na kalamu nyekundu, alisoma barua akaandika: B.U. wiki mbili. Wiki mbili zikaisha, nikampelekea. Hakufungua hata ukurasa. Akaandika tena: B.U. wiki mbili.

"Takwenya, yeyo," nilimsalimu mama kwa Kimaasai kila alipokuja.

"Iko," aliitikia salamu, kisha akageukia Kiswahili. "Faili yangu iko wapi?"

"Iko kwa mkubwa, mama."

"Kila siku iko kwa mkubwa. Huyo mkubwa hana miguu?"

Siku moja nilijikaza. "Sir, huyu mama amengoja sana. Si tutume mpima?"

"Mutua, kazi yako hapa ni gani?"

"Kuleta faili, sir."

"Umeleta. Asante."

Nililipeleka faili hilo mara kumi na tatu. Kabla ya mara ya kumi na nne, mama alikuja kusema ukuta umesimama na kaburi limebaki upande wa pili. Afisa akaandika P.A., jambo limepitwa na wakati. Limepitwaje, na yeye ndiye aliyelikalia? Hata leo nikikumbuka damu inanichemka. Lakini aliyelirudisha rafuni ni mimi, kwa mikono yangu hii, na hilo linaniudhi kuliko kalamu yake.

Siku ya kustaafu kwangu, hapo hapo Kitengela, walinisifu kwamba sikuwahi kupoteza faili. Nilikunywa soda yao, nikaenda nyumbani. Kesho yake nilisimama nje ya lango la ofisi, nikaanza kutembea kwenda kwa Mama Naserian. Miaka yote hiyo sikuwahi kufika.

Alinionyesha ukuta. Alikuwa ameegemeza jiwe kubwa hapo, akilipanda anaona kaburi.

"Umetumwa na ofisi?"

"Hapana, mama. Nimekuja mwenyewe."

"Umetembea sana?"

Nilitazama saa yangu. Nilikuwa nimetembea dakika kumi na tano tu.