Matabishi ya Mjane

Mume wangu hali kitu asubuhi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu, tena kwa majivuno kidogo, kama mwanamke anayetangaza kwamba bwana wake hanywi pombe. Anaamka saa kumi na moja, anaoga, anavaa ovaroli, ananiambia tumbo lake bado limelala, anaondoka. Mimi nageukia ukutani na kuendelea na usingizi wangu. Tulihama Kasaji kuja Kolwezi alipopata kazi ya umakanika kwenye karakana ya malori ya mgodi, na tangu siku ile sikumpikia chakula cha asubuhi hata mara moja. Majirani zangu walikuwa wanapuliza mkaa gizani, macho yamewavimba, nami niliwahurumia.

Kumbe alikuwa anakula kuwashinda waume zao wote.

Nilijua wakati wa kiangazi, wiki chache kabla ya sikukuu ya akina mama kanisani. Mimi ni mshonaji, cherehani yangu iko sebuleni, na kipindi hicho nyumba hujaa vitenge. Akaja mwanamke nisiyemfahamu, mnene, mchangamfu, mikono yake ina madoa madogo madogo ya mafuta ya moto. Nilijua kazi yake kabla hajaitaja. Aliniambia anauza buyi, yaani uji wa mahindi, na bitumbula, maandazi yetu ya mviringo, pale njia panda ambapo wafanyakazi wa migodi wanangojea mabasi yao alfajiri. Nikaanza kumpima mabega. Akainua macho ukutani, akaiona picha ya mume wangu, amevaa helmeti na kushika cheti chake cha kazi.

"Ee! Ule tata wa picha anaishi hapa?"

"Njo bwana yangu," nikamjibu, yaani ndiye mume wangu.

Aligeuka ghafla hata utepe wa kupimia ukaniponyoka, akanikumbatia kwa nguvu.

"Mungu eko muzuri! Alioa tena! Mama, roho yangu inafurahi sana. Ule tata aliteseka mingi. Tangu bibi yake alikufa, ni mi nilikuwa namulisha kila asubuyi."

Nilimwuliza, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu, ni mke yupi huyo aliyekufa. Yule mama alinitazama kwa huruma. Alidhani amefichua siri kwa mke mpya.

"Aa, pole, mama. Hakukuambia? Banaume njo vile beko. Sasa ni miaka tatu. Alikufa gafula, alikuwa napasi nguo. Usimukasirikie kama anamutaja. Bibi wa kwanza hasahaulikake."

Nilikuwa na pini mdomoni, na ni hizo pini zilizoniokoa, maana sikuweza kupiga kelele. Nikaendelea kumpima, kiuno, nyonga, urefu wa sketi, naye akaendelea kunisimulia habari za marehemu. Kwamba alikuwa anaimba akipiga pasi, sauti nyembamba, na mume wake alikuwa anajifanya amelala ili asikatize. Kwamba mwaka wao wa kwanza alibeba cherehani kichwani kutoka stesheni ya Kasaji mpaka nyumbani, mvua ikinyesha, akakataa kusaidiwa kwa sababu mume alikuwa ametoka kuugua malaria. Kwamba miaka yote alikuwa anakula vichwa vya samaki, akisema ndivyo anavyopenda, maneno yale yale ninayoyasema mimi mezani.

"Kumbe havipendake!" akasema yule mama, na machozi yakaanza kumtoka. "Ni juu bwana yake akule nyama ya samaki. Na yeye bwana alikuwa anajua. Anatuambiaka pale ku benchi, watu wote wananyamaza. Njo maana mi namupatiaka matabishi."

Matabishi ni kile kidogo unachoongezewa sokoni bila kulipa, nyanya moja juu ya fungu, kikombe cha mwisho cha maharage. Mume wangu alikuwa ananunua bitumbula vinne na kupewa vitano, na karanga za kutwanga zilimwagwa kwenye uji wake bila kupimwa, kwa sababu mjane nani atamlisha?

Yule mama alipoondoka, akiwa ameniahidi hatamwambia mume wangu kitu, nilikaa kwenye kiti cha cherehani bila kushona. Nilikuwa na hasira mbili na sikujua nianze na ipi. Ya kwanza, kwamba ameniua. Ya pili, kwamba ameniua kwa ajili ya andazi. Kama angesema nimekufa ili amwoe mwanamke mwingine, ningeelewa, huo ni uovu wenye akili. Lakini mimi, niliyezaa naye watoto wanne, niliyefunga duka langu Kasaji kumfuata huku kwenye vumbi jekundu, nilikuwa nimezikwa kwa kitumbula kimoja na karanga. Kile kitenge cha yule mama nilikishona vizuri sana, mishono miwili miwili, kwa sababu ndiye mtu pekee aliyenililia kwa moyo.

Mume wangu sikumwambia neno. Asubuhi iliyofuata tumbo lake lilikuwa limelala kama kawaida. Nikajifunika kitambaa, nikamfuata kwa mbali, nikasimama nyuma ya meza ya muuza mikate.

Lazima niseme ukweli hata kama unaniuma: kilikuwa chakula kizuri. Nilikisikia kwa pua kabla ya kukiona. Bitumbula vilikuwa vinageuzwa kwa kijiti ndani ya sufuria, vinatoka vimeiva rangi ya udongo wetu, vinamwagwa juu ya gazeti. Uji ulikuwa mzito, una limau na sukari, unanywewa kwenye vikombe vya plastiki. Wanaume wamekaa kwenye benchi, helmeti zimewekwa magotini, na kila lori la madini lilipopita wote walifunika vikombe vyao kwa kiganja kwa wakati mmoja, vumbi likatulia, wakafunua, wakaendelea kunywa. Mume wangu alikuwa katikati yao. Alikula amefumba macho. Nyumbani kwangu hajawahi kufumba macho akila. Na yule mama alipomwekea cha tano, mume wangu alitikisa kichwa taratibu, kwa huzuni ya kupendeza, kama mfiwa kweli.

Nilirudi nyumbani nikapanga kisasi. Nilifikiria kutia chumvi kwenye chupa yake ya maji. Nilifikiria kushona miguu ya ovaroli yake ili ashindwe kuivaa. Vyote vilikuwa vidogo mno. Nilitaka kitu chenye ukubwa wa kifo. Ndipo nikampigia simu mjomba wangu wa Mutshatsha, mdogo wake mama, mtu mwenye kelele na mwenye kupenda mambo yafuate desturi.

Kwetu, mwanaume akifiwa na mke hana ruhusa ya kutia kinywani kitu kilichopikwa mpaka watu wa upande wa mke wafike, wamlishe tonge la kwanza kwa mkono wao. Hapo ndipo anakuwa mjane halali. Asiyewaita watu wa mke akaendelea kula zake, huyo anaulizwa maswali, na maswali yenyewe hayaulizwi kwa upole. Mume wangu anaijua desturi hii kama jina lake. Mjomba aliposikia kisa chote alicheka kwenye simu mpaka akakohoa.

"Miaka tatu?" akauliza. "Na anakula tu? Tunakuja."

Alikuja kwa pikipiki na binamu zangu wawili, wakafikia kwa jamaa upande mwingine wa mji. Asubuhi iliyofuata, mwanga ulipoanza kutoka, nilikuwa tena nyuma ya meza ya mikate, na moyo wangu ulikuwa unadunda kwa furaha mbaya. Sitajifanya ilikuwa furaha nyingine.

Walitokea kwenye kona wamefunga vitambaa vyeusi kichwani. Mjomba alipofika hatua kumi kutoka benchi, alijitupa chini vumbini na suruali yake safi, akapiga yowe.

"Mutoto yetu eee! Mutoto yetu alikufa, hatukuitwa! Tunasikia ku njia sawa na habari ya mbuzi!"

Binamu zangu wakaitikia. Wanaume wa benchi wakasimama. Wengine walivua kofia. Yule mama akaacha kijiti ndani ya mafuta, akajishika kichwa, akaanza kulia nao papo hapo, kwa sababu huo ndio moyo wake. Mume wangu alikuwa ameshika kitumbula karibu na mdomo. Kilibaki pale pale.

Mjomba akanyanyuka, akaenda mpaka mbele yake, akakichukua kile kitumbula kutoka mkononi mwake taratibu, na kikombe pia.

"Mukwe wetu," akasema, "nani alikulisha tonge ya kwanza?"

Mume wangu alijipangusa mafuta ya vidoleni kwenye ovaroli.

"Sawa. Ulimuzika fasi gani? Tuonyeshe kaburi. Tunataka kuweka maua, tutarudia kwetu."

Nimeshona magauni ya maharusi, nimezaa, nimemwona mwanangu wa kwanza akipata diploma. Sijui kama kuna kitu kimewahi kunifurahisha kama uso wa mume wangu wakati ule. Alitazama barabara, alitazama basi lake lililokuwa linakuja, alitazama viatu vyake. Jasho lilikuwa linamtiririka na jua bado halijatoka. Nilimwacha aive kidogo. Kisha nikavua kitambaa, nikazunguka meza, nikasimama mbele ya benchi.

"Mama wa kushona!" yule mama akalia. "Kuya huku, mama! Ni watu ya bibi wa kwanza!"

"Hapana bibi wa kwanza," mjomba akasema, akijipangusa vumbi magotini. "Marehemu njo huyu."

Benchi zima likalipuka kwa kicheko. Watu walishikana mabega. Mmoja alikaa chini kabisa. Dereva wa basi alizima injini akashuka kuuliza kuna nini, na alipoambiwa alirudi akaegemea usukani, honi ikalia yenyewe. Mume wangu alipanda basi lile bila kula na bila kugeuka. Karakana nzima mpaka leo inamwita Mujane. Mkubwa wake wa kazi anamwita hivyo, hata kwenye redio ya malori.

Jioni nilimngojea mlangoni. Nilitaka anipigie magoti. Alikaa kwenye kiti chake akavua buti moja, akabaki ameishika mkononi.

"Siku ya kwanza ule mama aliniuliza kama bibi yangu hapikake," akasema. "Ningemujibu nini? Niseme unalala?"

"Kwa hiyo ukaniua."

"Niliona ni heshima kidogo, kuliko kusema unalala."

Nilicheka, Mungu anisamehe, nikacheka kwa hasira mpaka nikalazimika kutoka nje. Kisha nikamhukumu. Tangu siku ile anakula asubuhi nyumbani, chai na mkate wa jana, mbele ya macho yangu, na njia panda anapita upande wa pili wa barabara. Sijutii. Akirudia, nitamwita mjomba tena, safari hii na ukoo mzima.

Benchi nimelichukua mimi. Kila Jumamosi nakwenda pale, nakaa mahali pake, nakula bitumbula vinne vya moto na buyi yenye limau, na nikisikia lori nafunika kikombe kama wenyeji. Hakuna chakula cha asubuhi ninachokipenda zaidi duniani. Mwanzoni wanaume walikuwa wananisalimu, "Mama, umefufuka?" nami nawajibu kwamba kaburi lilikuwa na baridi. Ushindi wangu ulikuwa mtamu na niliula wote.

Lakini nyumbani kukawa na jambo ambalo sikulitegemea. Nilikuwa nikipiga pasi naimba, kwa makusudi sasa, na kumtazama kwa pembe ya jicho. Anasoma simu yake. Nikapika samaki, nikachukua kichwa, nikasubiri. Anakula nyama. Hajawahi kunikaripia tangu siku ile, wala hajawahi kusema lolote. Mimi pia sijamwuliza. Ningeanzaje? Ningesema, yale maneno uliyokuwa unawaambia makanika na madereva, niambie mimi? Nina ulimi mkali, watu wote wanajua, na ulimi huo kwa neno hilo moja umekataa kabisa.

Jumamosi moja mvua ilikuwa imenyesha na benchi lilikuwa tupu. Yule mama alikuwa anakoroga uji. Nilizungukazunguka, nikasifu kitenge chake, nikauliza bei ya mafuta, na mwisho nikamwuliza kama vile ni mzaha tu:

"Mama, ule bibi wa kwanza. Bwana yangu alisemaka nini tena juu yake?"

Hakucheka. Alikuwa bado ana kinyongo, na ana haki. Alilia machozi ya kweli mbele ya wateja wake kwa ajili ya kitu cha uongo, na tangu siku ile hakuna mwanaume anayemsimulia habari za mke wake pale, wanaogopa kuchekwa. Aliendelea kukoroga mpaka nikadhani hajanisikia.

"Ule bibi alikufa, mama," akasema. "Njo weye ulimuua, hapa ku benchi."

Akanijazia kikombe, akaniwekea karanga, akageukia mafuta yake. Nilikaa pale nimekishika mpaka uji ukapoa.